Mshale, Boya na Kijiti: Geji ya Mafuta katika Historia ya Magari ya Ngara

Murusagamba ni tarafa ya kusini ya Wilaya ya Ngara, katika nchi ya Washubi, inayopakana na Burundi upande mmoja na kuelekea Biharamulo upande wa pili, na tangu magari yaanze kupita huko mafuta yamesumbua kuliko magari yenyewe. Bandari ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Ngara, na kila lita iliyofika vilimani ilikuwa imepita mikono mingi. Kwa hiyo geji ya mafuta, yaani kile kisahani chenye mshale kinachomwonyesha dereva kiasi kilichobaki tangini, ilikuwa na uzito ambao haina mjini, ambako aliyekosea hesabu hutembea hatua chache hadi kituo cha kujazia. Hata hivyo ndiyo iliyoachwa ikiwa imekufa kwa miaka katika magari mengi makuukuu, huku breki na taa zikitengenezwa, na upungufu wa ufundi peke yake hautoshi kueleza kwa nini.

Magari ya kwanza yaliyoenea duniani hayakuwa na geji. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilipimwa mafuta kwa kuinua kiti na kutumbukiza kijiti chenye alama katika tangi lililokuwa chini yake. Katika Tanganyika ya wakati wa Waingereza desturi hiyo ilikaa vizuri, kwa kuwa mafuta yenyewe yalisafiri katika vyombo vilivyokuwa vipimo: pipa la galoni 44, sawa na lita 200, na debe la galoni 4, ambalo ni lita 18 hivi na ambalo hadi leo wakulima hupimia mahindi na maharage. Mwenye gari aliyemimina madebe mawili alijua alichokuwa nacho. Hata Land Rover, iliyozinduliwa 1948 na kuwa gari la maofisa, wamisionari na waganga, ilikuja na geji kwenye dashibodi lakini mdomo wa tangi la matoleo ya mwanzo ulikuwa chini ya mto wa kiti, kwa hiyo kijiti hakikukosa kazi.

Geji ya umeme ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa waya. Tangini mna boya, ambalo katika magari ya zamani lilikuwa la shaba nyeupe au kizibo kilichopakwa rangi ya kuzuia mafuta, na boya hilo hupanda na kushuka na kusukuma mkono mdogo juu ya waya mwembamba uliozungushwa. Kadiri mkono unavyosogea ndivyo ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huo huzuia mkondo wa umeme, unavyobadilika. Kwenye dashibodi kuna kisahani kinachotafsiri mkondo huo kuwa mwendo wa mshale. Visahani vya mwanzo vilitumia koili mbili za sumaku zilizoshindana kuuvuta mshale, na kasoro yake ilikuwa kwamba mshale uliitikia upesi mno, ukacheza kwa kila shimo la barabara. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza ya Smiths, iliyotengeneza vyombo vya Land Rover na magari mengine mengi ya Kiingereza, ilieneza aina nyingine ambamo mkondo hupasha moto ubapa wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, ubapa ukajikunja polepole na kuuvuta mshale bila papara. Kwa barabara za vumbi na makorongo za Ngara mabadiliko hayo yalikuwa ya maana kuliko kwa lami za Uingereza kwenyewe, ingawa hayakuondoa udanganyifu wa mlima: gari linapopanda, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, na mshale husema uongo hadi gari lifike juu.

Aina hiyo mpya ilileta pia kifaa cha tatu, kidhibiti cha volti, ambacho kilishusha umeme wa betri hadi volti 10 hivi ili usomaji usiyumbe kila injini inapoongeza kasi. Kwa fundi huo ulikuwa ufunguo wa utambuzi. Kidhibiti kikiharibika, geji ya mafuta na ile ya joto la maji hupotoka pamoja, na aliyejua hilo hakuhangaika kufungua tangi. Geji ya mafuta ikikosea peke yake, fundi aliuchomoa waya ulioko tangini na kuugusisha kwa nukta chache kwenye chuma cha bodi: katika Land Rover, na baadaye katika Toyota nyingi, mshale ukipanda hadi kujaa basi kisahani na waya ni vizima na ubovu uko kwenye boya, lakini usipotikisika ubovu uko mbele. Kuugusisha kwa muda mrefu kulichoma ubapa wa ndani, kwa hiyo waangalifu waliunganisha balbu ndogo katikati ya waya na chuma. Mara nyingi, hata hivyo, kosa lilikuwa la kawaida zaidi, yaani kutu mahali ambapo waya wa hasi hukamata bodi, iliyokwanguliwa kwa msasa na kazi ikaisha.

Boya la shaba ndilo lililodai ustadi wa kweli. Likitoboka hujaa petroli na kuzama, na geji husoma tupu daima. Fundi alilitumbukiza katika maji ya moto, akatazama mapovu yanakotokea, akalimwaga hadi tone la mwisho kabla ya kuliziba kwa risasi ya kulehemu, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndani huweza kulipuka mkononi. Aliyemwaga risasi nyingi alilifanya boya kuwa zito, likaelea chini ya kiwango chake, na geji ikabaki kusoma pungufu. Kosa hilo halikumdhuru mtu: geji inayosoma pungufu humwonya dereva mapema, kabla ya kukwama.

Ufundi huo ulikomazwa na dhiki. Bei ya mafuta duniani ilipaa 1973 na tena 1979, na katikati yake, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Kagera, mkoa wenye Ngara, uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Uvamizi ulikuwa kaskazini ya Mto Kagera, mbali na Murusagamba, lakini vita ilichukua malori na mabasi ya raia nchini kote, na baada yake fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikauka. Mafuta yaligawiwa kwa vibali, na kwa kipindi fulani magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri. Geji mpya haikuwa kitu cha kuomba kibali.

Hapa ndipo sababu ya pili inapoingia, nayo ni ya kijamii. Gari la kawaida la wilayani wakati huo lilikuwa la serikali, la shirika la umma, la chama cha ushirika au la misheni, na mafuta yake hayakununuliwa na dereva. Alipewa, akasaini, akaandika safari zake katika kitabu cha gari. Mshale ulio hai ulikuwa shahidi katikati ya dereva na ofisi, kwani kila aliyechungulia dashibodi asubuhi aliweza kulinganisha na alichokiona jioni. Mshale uliokufa uliacha kitabu peke yake, na kitabu kiliandikwa na dereva. Pale ambapo lita chache zilizonyonywa kwa mpira zilikuwa na soko la magendo, dereva hakuwa na haraka ya kumpelekea fundi geji. Si haki kuwahukumu madereva wote kwa hilo, lakini ni vigumu kuielewa geji iliyokufa kwa miaka kumi bila kuuliza ni nani aliyepata hasara kwa kufa kwake.

Mlango wa magari ya watu binafsi ulianza kufunguka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1994 ukaleta magari ya namna nyingine kabisa. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, kambi ya Benaco ikawa mji, na nyuma yao yakaja malori na Toyota Land Cruiser za mashirika ya misaada. Land Rover ilipoteza enzi yake. Kwa fundi aliyezoea vyombo vya Smiths, Toyota hazikuwa na fumbo kubwa: boya la nyingi kati ya hizo lilitoa omu 3 hivi tangi likijaa na omu 110 hivi likiwa tupu, omu ikiwa kizio cha ukinzani, kwa hiyo jaribio la kuugusisha waya kwenye bodi lilitoa jibu lilelile. Kilichobadilika ni tiba. Boya la plastiki halilehemiwi, na vipuri vya magari yaliyokwisha kutumika Japani vilipoenea, kubadilisha chombo kizima kulikuwa rahisi kuliko kukitengeneza.

Magari yanayobeba abiria vijijini leo, ambayo watu wa Kagera na Geita huyaita michomoko, mengi yakiwa Toyota za aina ya Probox na Noah, yanaendeshwa kwa mfumo wa hesabu: dereva humpelekea tajiri kiasi kilichopatanwa kila siku, na mafuta hujinunulia mwenyewe. Uhusiano wa zamani umegeuka juu chini, kwa kuwa anayeumia geji ikidanganya sasa ni dereva, na tajiri hana la kuuliza. Mtu angetazamia kwamba geji zote zingekuwa nzima. Lakini dereva huyo hununua kidogo kidogo, mara nyingi kwa lita zilizomiminwa kwenye chupa au dumu kando ya njia, na katika miaka ya karibuni, tangu uhaba wa mafuta uikumbe Burundi, wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka nao wamekuwa wakiyatafuta madumu hayohayo. Lita moja katika tangi la lita 50 haiusogezi mshale hata unywele, kwa hiyo dereva huhesabu chupa na kilomita badala ya kutazama dashibodi, na fundi huletewa geji hasa gari linapokaribia kuuzwa, kwa sababu mnunuzi, kabla hajaulizia injini, hugeuza ufunguo na kuutazama mshale unavyopanda.