Boksi la Rubani

Mnamo Machi 1988, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kaskazini ya Malindi, nilimchapa mvulana wa darasa la saba viboko vinne kwa kosa la kujenga chombo cha kwenda mwezini. Alikiunda kwa maboksi ya sabuni nyuma ya stoo, akachora saa na vipimo kwa makaa, na wenzake walimlipa embe moja moja ili wakae ndani na "kuruka". Siku hiyo kengele ililia wasiisikie. Maboksi niliyatia moto.

Ningalipaswa kuelewa, maana mwezi huohuo roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, nasi tu majirani zake. Ni hapo hapo, tarehe 12 Desemba 1970, iliporushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Mtoto aliyekulia kando ya mambo kama hayo angetafuta nini kama si maboksi?

Kisa hiki kilinirudia mwaka jana, Mombasa, nyumbani kwa mjukuu wangu anayefanya kazi ya kompyuta. "Babu, kaa hapa, usiogope," aliniambia, akanivika kifaa kizito kama miwani ya mpiga mbizi. Sebule ikatoweka. Nilijikuta kwenye kiti cha rubani, kioo juu ya kichwa, na nyota kila nilikogeuka, hata mgongoni. Mchezo wenyewe huitwa Elite Dangerous, nao ulitoka mwaka 2014. Kazi yangu ilikuwa kutia nanga ndani ya kituo cha angani kinachozunguka polepole. Mlango wake ni mwembamba, na chombo hakina budi kuzunguka sawasawa na kituo, kama mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano inayogeuzwa. Nilikigonga mara tatu. Kisha tumbo likaanza kuchafuka, kwa sababu macho yaliapa kwamba naenda, na yale majimaji ya ndani ya sikio, yanayotupa mizani, yalishuhudia kwamba nimekaa tu.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma historia ya mambo haya, na hapo ndipo moyo uliponiuma.

Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda. Mwaka 1929 alichukua mivukuto na pampu za vinanda akatengeneza kijindege kifupi cha kufundishia urubani, kisichoondoka sakafuni ila huinama na kuyumba kama kilicho hewani. Wakuu wa jeshi hawakukijali. Walionunua vile vya mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, watoto na vijana wakalipa senti zao kupanda. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua, na marubani kadhaa wakafa katika ukungu na dhoruba kwa kutojua kuruka kwa kutazama vipimo. Ndipo likanunua sita. Katika Vita vya Pili vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya marubani walifunzwa ndani ya kile kilichoitwa kichezeo.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland aliunda kifaa cha kuvaa kichwani kilichobidi kushikizwa darini, na aliyekivaa aliona maumbo ya mistari mitupu. Wanaanga waliojiandaa kuitengeneza darubini ya Hubble mwaka 1993 walijizoeza kwa vifaa vya ukoo huohuo.

Lakini mimi, mwalimu wa hesabu, nilivutiwa zaidi na vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell. Mwaka 1984 walitoa mchezo wa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro yenye kilobaiti 32 tu za kumbukumbu. Humo waliingiza galaksi 8, kila moja na sayari 256. Hawakuzihifadhi, kwa kuwa zisingetosha. Walihifadhi namba chache, na kila sayari, pamoja na jina lake na bei za bidhaa zake, ilizaliwa kwa hesabu kutoka katika hizo. Mbegu kwenye kisanduku cha kiberiti, na ndani yake shamba zima! Mchezo nilioucheza mimi ni mjukuu wa huo, na una mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Kimojawapo cha vitu vilivyomo ni Cygnus X-1, kitu ambacho Uhuru ilikipima na kukiona kikimemeta upesi ajabu. Nilimwomba mjukuu anipeleke, akacheka: "Huko ni mbali sana, Babu."

Yule mvulana sasa ni nahodha wa mashua ya kuvulia, mtu wa miaka karibu hamsini. Nilimfuata bandarini nikamwomba radhi, nikamweleza habari za kile kifaa. Alinisikiliza huku akishona wavu, kisha akauliza, "Na vipimo vyake, Mwalimu, vinasogea?" Nikamwambia vinasogea. Alisema samaki ni wengi kaskazi hii. Atakuja kusi ikianza kuchafua bahari.