Wasia wa masharti (Kibiti na delta ya Rufiji)
Wasia wa masharti ni agizo la mtu kwamba, akishafariki, mali yake itolewe pale tu jambo fulani litakapotimia: mjukuu afikishe miaka 18, kwa mfano, au amalize shule. Katika Kibiti, wilaya ya Mkoa wa Pwani iliyomegwa kutoka Rufiji, wakazi wengi ni Waislamu, na sharia huyabana masharti hayo. Wasia hauzidi theluthi ya kilichobaki baada ya mazishi na madeni, na mrithi hausiwi ila wenzake waridhie. Kinachobaki ni mafungu ya warithi. Marehemu hawezi kuyafunga kwa sharti lolote, hata awe na hoja nzuri kiasi gani.

Anayetaka sharti la kudumu huweka wakfu: minazi isiuzwe, nazi ziuzwe, fedha zitengeneze paa la msikiti. Msimamizi hufuata neno la mweka wakfu. Mikoko ya delta ya Rufiji, tofauti na minazi, haiusiwi, maana ni msitu wa hifadhi wa serikali.

Wasia wa maandishi huweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mirathi yenyewe hufunguliwa mahakamani, aghalabu Mahakama ya Mwanzo.