Mshubiri na Chapa za Safari

Wageni wengi wanaofika Ras al Jinz, karibu na ncha ya mashariki ya Oman, hufuata kasa. Ufuo huo umekuwa hifadhi tangu 1996, na usiku kasa wa kijani hupanda mchangani kutaga mayai. Mwanahistoria ana sababu nyingine ya kufika huko. Katika uchimbaji ulioanza miaka ya 1980, wanaakiolojia wa Kifaransa na Kiitaliano walifukua vipande vya lami vilivyopakwa vyombo vya baharini zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Upande mmoja vina chapa za matete, mikeka na kamba. Upande wa pili vingine vimegandwa na viumbe wa baharini. Vyombo vyenyewe vilioza zamani. Tunavijua kwa chapa vilizoacha.

Nilikuwa bado navifikiria vipande hivyo jioni yake mjini Sur, katika nyumba ambayo Kiswahili ndicho lugha ya barazani. Kizingitini palikuwa na vyungu vitano vya mshubiri, ambao siku hizi wengi huuita alovera: majani manene, yamejipanga duara kuzunguka moyo mmoja, mfano wa waridi lililofumbuka. Niliwasifu. Bibi mwenye nyumba akanijibu, “Huu si wa hapa, mwanangu. Huu wa Unguja. Nilipewa kichipukizi nilipokwenda kuzuru, nikakitia mkobani.”

Jibu hilo lina mzaha ambao yeye hakuukusudia. Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Olwen Grace walichapisha uchunguzi wa nasaba za mishubiri na kuonyesha kuwa chimbuko la alovera ni Bara Arabu. Wanabotania leo huutaja mmea huu kuwa wa asili ya milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman. Kwa hiyo kichipukizi kilichotoka Unguja kilikuwa kimerudi katika nchi ya mababu zake, na huko kikapokelewa kama mgeni.

Kwa nini asili hiyo ilichelewa kujulikana? Sababu moja ni kwamba historia ya mmea huu tuliisoma katika hesabu za wafanyabiashara. Bidhaa iliyoandikwa ilikuwa shubiri yenyewe, yaani utomvu mchungu unaotoka chini ya ganda la jani na kukaushwa kuwa dawa. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaitaja kuwa ilisafirishwa kutoka bandari ya Kane, kusini mwa Arabuni. Sokotra nayo ilipata sifa kwa shubiri yake, ingawa ile ilitoka kwa mshubiri wa jamii nyingine. Utomvu ulipimwa na kulipiwa. Kichipukizi kilichobebwa mkobani hakikulipiwa ushuru, wala karani hakukiandika.

Hata hivyo kimeacha chapa. Ya kwanza imo katika lugha. Katika Kiarabu, shubiri na subira hutoka katika mzizi mmoja, na Kiswahili kimerithi maneno yote mawili: tunasema jambo ni chungu kama shubiri, na tunaambiana kuwa subira huvuta heri. Mwaka 1836 Edward Lane aliandika kuwa watu wa Misri waliuning'iniza mshubiri juu ya milango, nao ukaishi miaka bila udongo wala maji.

Chapa ya pili imo katika jina la kitaalamu, nayo inapotosha. Mwaka 1768 mmea huu ulipewa majina mawili: Burman aliuita Aloe vera, yaani mshubiri wa kweli, na siku chache baadaye Miller akauita Aloe barbadensis, kwa kuwa ulikuwa umelimwa Barbados. Kisiwa hicho kilikuwa cha mashamba ya watumwa. Jina la Burman ndilo lililotangulia na ndilo linalotambuliwa, lakini la Miller lingali likichapishwa kwenye chupa za mafuta ya kujipaka. Nasi tusijitakase: Sur nayo ilikuwa bandari ya majahazi yaliyobeba watumwa kutoka Afrika Mashariki.

Chapa ya tatu imo katika namna ya kuutunza. Bibi alichimbua kichipukizi kando ya mama yake, akakiacha kivulini siku tatu mpaka jeraha likakauka. Likipandwa bichi, huoza. Udongo wake ni nusu mchanga, chungu kina matundu, na maji humwagwa kando tu, kamwe si moyoni, baada ya udongo kukauka. Mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku, joto linapopungua, na hivyo hupoteza maji kidogo. Sifa hizohizo zinazoufanya uishi kizingitini ndizo zilizouwezesha kuvuka bahari: uking'olewa, hustahimili majuma kadhaa bila udongo.

Wenyeji wa nyumba ile wanaijua habari ya kuulizwa kwao ni wapi. Unguja kabla ya 1964 waliitwa Waarabu. Walipofika Oman wakaitwa Wazanzibari. Ingekuwa rahisi kuwafananisha na mshubiri wao na kusema kuwa nao walirudi tu kwenye asili. Nasita kufanya hivyo. Nasaba ya mmea huonyesha ulikoota kwanza, lakini haisemi nani aliutunza, wala kwa nini mtu aliyeacha mengi nyuma akachagua kubeba huu.

Nilipomweleza Bibi habari za Hajar, alisikiliza hadi mwisho. “Basi una kwao kuwili,” akasema, akakifunga kichipukizi kwenye gazeti na kunipa. “Usikipe maji mpaka wiki ijayo.”