Rajabu, Mwezi Kiziwi

Wasikilizaji wetu, sisi watu wa pwani tukihesabu miezi huanza pale tulipofungua saumu. Shawali twaiita Mfunguo Mosi, unaofuata Mfunguo Pili, hata tufike Mfunguo Tisa. Hapo hesabu hukoma. Hatusemi Mfunguo Kumi. Twasema Rajabu, kisha Shaabani, kisha Ramadhani. Wengi waujua Rajabu kwa usiku wa 27, usomwapo Miraji. Leo twapenda kueleza utukufu wake wa zamani zaidi, ambao Waarabu waliushika hata kabla Mtume Muhammad hajapewa utume.

Kurani yasema kwamba katika miezi kumi na miwili, minne ni mitukufu. Mitatu yafuatana, nayo ni Dhulkaada, Dhulhija na Muharamu. Rajabu umekaa peke yake. Mitatu ile ilikuwa ya safari ya Hija, watu wapate kwenda na kurudi salama. Rajabu ulikuwa wa wale waliotaka kuizuru Makka katikati ya mwaka.

Sharti la miezi hiyo lilikuwa kuacha vita. Nchi ya Waarabu siku zile haikuwa na sultani mmoja wala askari wa kulinda njia. Kila kabila lililinda watu wake kwa upanga, na damu ililipwa kwa damu. Lakini mwezi mtukufu ulipoandama, mtu alipaswa kumwacha apite hata yule aliyemwua babaye. Abu Raja al-Utaridi, aliyeiona enzi ile, alisimulia ya kuwa Rajabu ulipoingia waling'oa vyuma vya mikuki na mishale yao. Wakauita mwezi kiziwi, kwa kuwa mlio wa silaha haukusikika ndani yake. Kwa fikira zetu, jina hilo latosha kuwa maelezo.

Hata hivyo mwanadamu ni yule yule. Miezi mitatu mfululizo bila ya kuteka nyara wengine waliiona mirefu mno, wakafanya hila: Muharamu wakaufanya halali, na utukufu wake wakauhamishia mwezi wa Safari. Kurani ikaikataza hila hiyo. Na katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra (632), Mtume akaitaja tena miezi minne, akafafanua kwamba Rajabu ni ule ulio kati ya Jumada na Shaabani, pasiwe na shaka.

Jambo zito zaidi lilikuwa limekwisha kutokea miaka minane kabla ya Hija hiyo. Mtume akiwa Madina alimtuma Abdallah bin Jahsh pamoja na watu wachache, akampa barua iliyofungwa, asiisome ila baada ya mwendo wa siku mbili. Barua iliwaamuru waende Nakhla, kati ya Makka na Taif, wapate habari za Makuraishi. Walipokuwa huko ukapita msafara wa Makuraishi wenye zabibu na ngozi. Kwa kauli iliyo mashuhuri, ilikuwa siku ya mwisho ya Rajabu. Wakashauriana. Wakiwaacha usiku ule, wataingia katika eneo takatifu la Makka, wasiweze kuwagusa. Wakiwapiga sasa, wataivunja heshima ya mwezi. Tusiwahukumu upesi: miongoni mwao walikuwamo waliofukuzwa kwao Makka, na mali yao imebaki huko. Mshale ukarushwa, Amr bin al-Hadhrami akafa, na watu wawili wakatekwa.

Waliporudi Madina hawakupokewa kwa shangwe. Mtume aliwaambia hakuwaamuru kupigana katika mwezi mtukufu, akakataa kuipokea mali ile. Waislamu wenzao wakawalaumu, na Makuraishi wakatangaza kuwa Muhammad ameuhalalisha mwezi mtukufu. Ndipo iliposhuka aya iliyomo katika Sura ya Bakara. Maana yake, kwa maneno yetu, ni kwamba kupigana katika mwezi huo ni jambo kubwa. Lakini kuwazuia watu na njia ya Mungu, na kuwatoa wenyeji wa Msikiti Mtukufu, ni kubwa zaidi.

Angalieni hukumu hiyo ilivyozielemea pande zote mbili. Haikusema mshale ule ulikuwa kitu kidogo, wala haikuwaachia Makuraishi kuufanya utukufu wa mwezi mmoja kuwa ngao ya dhuluma ya miezi yote. Baada ya hayo Mtume akaipokea mali, na mateka wakakubaliwa kukombolewa. Mmoja, Uthman bin Abdallah, akarudi Makka; mwenziwe, Hakam bin Kaysan, akasilimu, akakaa Madina pamoja na wale waliomteka. Lakini damu ya al-Hadhrami haikusahauliwa. Mwezi na nusu hivi baadaye, katika Ramadhani, majeshi mawili yalipokutana Badr, nduguye alisimama mbele ya Makuraishi akililia jina lake, na vita vikaanza.