Asili ya Neno Boda

Miongoni mwa maneno ambayo Waingereza waliyaleta katika nchi zetu, ni machache yaliyogeuka tabia kama neno boda, ambalo wao walilipata kwa Wafaransa wa zamani likiwa na maana ya ukingo au pindo, wakalitumia kwa mpaka wa dola na dola, na ambalo leo hapa Kakamega ni jina la chombo cha kusafiria, na la kazi inayowalisha vijana wengi.

Nasi tuna sababu ya kuijua tarehe ya mpaka wa Kenya na Uganda, kwa kuwa hadi tarehe 1 Aprili 1902 nchi hii yote ya Waluhya ilihesabiwa kuwa ni Uganda. Siku hiyo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa himaya jirani, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, pasina kuondoka kwake Elureko, yaani Mumias ya leo, akajikuta chini ya serikali nyingine. Ilhali Wasamia na Wateso waligawanywa, mtu huku na wakweze kule.

Basi katika miaka ya 1960, huko Busia, mji wa mpaka huo, ambako msafiri alishuka garini upande mmoja na kulazimika kutembea na mizigo yake hadi kituo cha upande wa pili, walitokea vijana wenye baiskeli waliofunga mto laini juu ya chuma cha nyuma, abiria apate kukalia bila ya kuumia, wakawa wananadi, “Boda, boda!” Wito huo ndio uliokuwa jina, nalo likafuata njia ya Mumias hadi kwetu, na mwishoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo, baiskeli ikaiachia pikipiki nafasi yake, lakini jina halikubadilika.

Kwa hiyo neno lililotumiwa kuwatenga jamaa na jamaa ndilo analolitamka leo mume wa Shinyalu, usiku wa manane, anapomtafutia mkewe mwenye uchungu usafiri wa kumfikisha hospitali ya mjini. Wenye kuchora mipaka wameandikiwa vitabu tele. Ni haki waendeshaji wa Busia, walioutumikia umma kwa nguvu za miguu yao, nao wahesabiwe katika historia ya nchi hii.