Mtaro Ndio Gharama: Historia ya Njia Zilizopita Chini ya Milima Yetu



Kabla ya kuwaomba mchango wa mwaka huu, tunawajibika kueleza mchango mmoja wa zamani ulikwenda wapi. Miaka kadhaa iliyopita tulichanga tukanunua kompyuta kwa ajili ya shule moja ya sekondari huko milimani. Tulizipeleka wenyewe kwa gari, tukapiga picha, tukala pilau, tukarudi mjini. Tulipokwenda tena mwaka uliofuata tulizikuta zimefunikwa vitambaa vya mezani, safi kabisa. Hazikuwa zimeharibika. Shule haikuwa na mtandao, na mwalimu aliyekuwa akinunua bando kwa fedha yake mwenyewe alikuwa amehamishwa. Katika vitabu vyetu kompyuta zile ziliandikwa kuwa mali. Kwa hesabu ya haki zilikuwa hasara, na kosa lilikuwa letu sisi tulio mijini: tulinunua vyombo kabla ya kuuliza maji yatapita wapi.

Ndiyo maana safari hii tumeona tuanze na historia. Anayejua njia zilizotangulia zilifikaje kwetu, na kwa nini nyingine hazikufika, atajua pia fedha yake iende wapi.

Mara tatu njia kubwa imepita chini

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani. Ilifuata tambarare: Hedaru, Makanya, Same, kisha ikaendelea zake. Watu wa Mbaga, Chome, Usangi na Ugweno waliteremka kwa miguu kuifuata, mizigo kichwani. Baadaye ikaja barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, nayo ikashika ukanda uleule wa chini. Wajenzi hawakutuchukia. Kilomita moja ya kupanda mlima ina gharama kubwa kuliko kilomita moja ya tambarare, na juu watu wanakaa wametawanyika.

Mara ya tatu ni ya juzi tu. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kutoka baharini, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya nchi yetu na ulimwengu yalitegemea satelaiti, kwa bei ambayo ofisi nyingi zilishindwa kuilipa. Mwaka huohuo wa 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL. Kwa upande wa kaskazini mkongo huo uliunganisha Tanga, Moshi na Arusha. Ukiangalia ramani utaona jambo tunalolijua tayari: kutoka Tanga kwenda Moshi, njia ya tambarare inapita miguuni pa milima yetu.

Katikati ya hayo ilikuja simu. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Shirika la Posta na Simu ndilo lililobeba barua zetu na zile simu chache za mezani. Shirika hilo liligawanywa miaka ya tisini, na kampuni za simu za mkononi zikaingia. Pale ambapo biashara haikulipa, Serikali iliweka mkono: sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili minara ijengwe vijijini. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 nchini kwa utaratibu huo.

Mnara umetusaidia sana. Leo habari ya msiba haichukui siku tatu kufika mjini, na fedha ya dawa inatumwa kwa dakika moja. Lakini uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote walio chini yake, na bando hukatika katikati ya somo. Darasa la wanafunzi arobaini linalotaka kutazama somo moja la fizikia, au mganga wa kituo cha afya anayetaka kutuma picha ya mgonjwa kwa daktari wa mkoa, anahitaji njia pana na ya kudumu. Njia hiyo ni faiba inayofika mpaka ndani ya jengo.

Faiba ni nini, na ghali ni wapi

Faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ujumbe hupita ndani yake kwa mwanga, ndiyo maana hubeba mambo mengi kuliko waya wa shaba. Wengi wetu tunadhani huo uzi ndio ghali. Sivyo. Sehemu kubwa ya gharama iko katika kuchimba mtaro au kusimamisha nguzo, kuomba vibali, kulipia njia, kuvuka mito na miamba, na kurudishia ardhi ilivyokuwa. Kampuni inapopiga hesabu hugawa gharama ya mtaro kwa idadi ya wateja walio njiani. Sinza au Ilala wateja ni wengi katika kila mita mia. Kwetu, kutoka nyumba moja hadi nyingine kuna shamba la migomba na bonde. Hesabu ikikataa, kampuni haiji, na hata sisi tungekuwa wahasibu wake tungeishauri hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: nani anaweza kuipunguza gharama ya mtaro? Jibu ni yule mwenye ardhi, mwenye mamlaka ya kuruhusu, mwenye majengo yanayohitaji mtandao, na mwenye nguvu kazi. Hao ni halmashauri na wananchi.

Wenzetu walifanyaje

Tatizo hili si la milima yetu peke yake. Uingereza, nchi iliyokuwa na reli na simu mapema, nayo ilikuta vijiji vyake vimeachwa nyuma kwa hesabu ileile ya nyumba chache na mitaro mirefu. Tunachukua mifano ya huko kwa sababu halmashauri zao zilishika nafasi iliyo wazi katika kazi hii.

Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, halmashauri iliungana na kampuni ya BT na Umoja wa Ulaya mwaka 2010 katika mradi wa pauni milioni 132. Umoja wa Ulaya uliahidi hadi milioni 53.5 na BT milioni 78.5. Kazi ya halmashauri haikuwa kushika sururu. Kazi yake ilikuwa kuomba fedha, kuingia mkataba, kusimamia na kutoa hesabu. Hata hivyo nyumba nyingi za huko zilipata kwanza faiba inayoishia kwenye kabati la barabarani, kisha waya wa shaba ukamalizia safari. Ndiyo maana baadaye mkazo ukahamia kwenye faiba kamili, ile inayofika mlangoni.

Kaskazini, katika kaunti ya Lancashire, wanavijiji wa mashambani hawakusubiri zamu yao. Mwaka 2011 waliunda chama cha kijamii kiitwacho B4RN. Waliuziana hisa ili kupata mtaji. Wakulima waliruhusu mkongo upite mashambani mwao bila malipo, na watu wa kujitolea wakachimba mitaro kwa mikono na kwa matrekta yao. Waliondoa gharama ambayo kampuni isingeweza kuikwepa, yaani kulipia njia na vibarua. Nyumba za wafugaji wa kondoo zikapata intaneti ya gigabiti moja, wakati mitaa mingi ya mijini ilikuwa bado haijaipata.

Serikali yao nayo ilijifunza. Mwaka 2019 ilianzisha mpango wa pauni milioni 200 kwa vijijini, ulioanza na shule za msingi. Mkongo ukishafika shuleni, nyumba za jirani zina umbali mfupi wa kuunganishwa. Mwaka 2021 ukaja mpango mkubwa zaidi wa pauni bilioni 5, wenye vocha za kusaidia gharama za kuunganisha nyumba za vijijini. Zipo halmashauri za kaunti, Kent ikiwa mojawapo, zilizoongeza fedha zao juu ya vocha za Serikali.

Tukiondoa pauni na mabilioni, ambayo hatuna, yanabaki mambo matatu. Halmashauri husaidia kuonyesha kwenye ramani wapi kampuni hazitafika zenyewe. Hurahisisha njia na vibali. Tena huyafanya majengo ya umma kuwa mteja wa kwanza. Mambo hayo matatu hayahitaji mabilioni.

Halmashauri zetu na sisi

Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya. Zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Tangu hapo tumezoea mgawanyo mmoja wa kazi, hasa katika shule za kata zilizojengwa kuanzia miaka ya 2000: wananchi huinua boma hadi usawa wa lenta, halmashauri hupaua na kumalizia. Tunalalamika maboma yanapochelewa kupauliwa, lakini mgawanyo huo umetupa shule.

Mtaro wa faiba unaweza kwenda kwa mgawanyo huohuo, ila tujue milango ya kubisha ni mingi. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Kupitisha mkongo kando ya barabara kunahitaji ruhusa yao. Miaka ya karibuni Serikali ilipunguza tozo ya njia kutoka dola 1,000 hadi dola 200 kwa kilomita. Kwa njia ya kilomita 20, hiyo ni kushuka kutoka dola 20,000 hadi 4,000. Ardhi ya kijiji nayo, kwa Sheria ya mwaka 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ukikubali mtaro upite pembezoni mwa mashamba bila fidia, umechangia fedha nyingi bila kutoa hata shilingi.

Halmashauri ya wilaya kwa upande wake ina shule, vituo vya afya na ofisi za kata, na kila kimoja hununua bando lake peke yake. Vikikusanywa katika mkataba mmoja, mtoa huduma anaona mteja mmoja mkubwa anayelipa kila mwezi. Tena sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kilichofundishwa kuunga na kutunza mkongo ni mkopaji mzuri kama kikundi cha bodaboda.

Kuhusu nguvu kazi, hatuna haja ya kusomea Lancashire. Wazee wetu waliita msaragambo. Ndiva zinazokusanya maji ya mto usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani kwa zamu, pamoja na mifereji yake, zilichimbwa na zinasafishwa kwa msaragambo mpaka leo. Mfereji hauendi mbele bila kupita shamba la mtu, na mtu huyo hukubali kwa sababu naye ana zamu yake ya maji.

Tukumbuke pia upande wa pili. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kupinga kodi ya mbiru, na hatimaye utawala wa kikoloni ukaiondoa. Wazee wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa makadirio wasiyojua yamepatikanaje. Anayewaomba Wapare fedha au jasho bila kuwaonyesha hesabu hajui alikofika, na sisi hatujitoi katika onyo hilo.

Tunaomba nini

Mchango wa mwaka huu hautanunua kompyuta. Kwanza utalipia upimaji wa njia kutoka tambarare hadi shule na kituo cha afya, pamoja na ramani ambayo wahandisi wa halmashauri na TARURA wataikagua. Pili, utanunua sururu, mabomba ya kupitishia mkongo na chakula cha siku za msaragambo. Tatu, sehemu itawekwa kando kwa ankara za mtandao za miaka mitatu, kwa sababu ankara ya kila mwezi ndiyo iliyotushinda mara ya kwanza.

Hakuna fedha ya mtaro itakayotoka benki kabla ya kupatikana barua tatu: ya halmashauri ya wilaya, ikikubali kuyaingiza majengo yake katika mkataba mmoja, ya mkutano wa kijiji, ikiruhusu njia, na ya mtoa huduma, ikitaja bei na tarehe. Barua moja ikikosekana, fedha ya mtaro itabaki kwenye akaunti na mtaelezwa sababu. Hesabu zote, pamoja na za hasara, zitachapishwa katika kijitabu cha mwakani, ukurasa huuhuu.

Fomu ya ahadi iko mwishoni mwa kijitabu. Tunaomba kila mmoja ajaze kiasi anachokiweza kweli, na kama ana shamba au kiwanja nyumbani, aandike pia kwamba mtaro unaweza kupita.