Hasara, Mikakati na Shaka la Wafanyakazi katika Historia ya Kenya Airways, 2012–2024

Wafanyakazi hujitokeza mara mbili tu katika maandishi mengi kuhusu mashirika ya ndege ya Afrika. Kwanza huwa ni tarakimu katika safu ya gharama; pili huwa ni kero, siku ya mgomo, abiria wanapolala uwanjani. Makala haya yanawatazama kwa namna ya tatu, yaani kama wasomaji wa taarifa za fedha za shirika lao. Hoja inayotetewa ni kwamba shaka walilokuwa nalo wafanyakazi wa Kenya Airways kuhusu mikakati ya menejimenti, kuanzia mwaka 2012, halikutokana na kutoelewa hesabu. Lilitokana na kusoma hesabu hizo hizo kwa kumbukumbu tofauti. Hata hivyo, kusoma kwa kumbukumbu si lazima kuwe kusoma sahihi, na jambo hilo litarejelewa baadaye.

Shirika lilianzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Mwaka 1996 lilibinafsishwa: KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya hisa, na nyingine ziliuzwa kwa umma kupitia soko la hisa la Nairobi. Kwa takriban miaka 15 iliyofuata shirika hilo lilitajwa kuwa mfano wa ubinafsishaji uliofanikiwa. Sifa hiyo inahitaji kukumbukwa, kwa sababu ndiyo iliyoipa menejimenti ujasiri wa mwaka 2012, na ndiyo pia iliyowafanya wafanyakazi waone anguko lililofuata kuwa tendo la watu fulani, si mkasa wa soko.

Mpango uliobeba ujasiri huo uliitwa Mawingu. Kwa miaka 10, hadi 2021, shirika lilikusudia kuongeza ndege zake kutoka thelathini na kitu hadi zaidi ya 100, na kufikia vituo katika mabara yote yanayokaliwa na watu. Jina lilikuwa la Kiswahili ingawa hesabu za mpango zilifanywa kwa dola, na tofauti hiyo ndogo ina uzito wake: ndege zilinunuliwa na kukodiwa kwa dola, ilhali sehemu kubwa ya walioulizwa kuuamini mpango walilipwa kwa shilingi. Ili kupata mtaji, mwaka 2012 shirika liliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 14 kila moja. Lilitafuta shilingi bilioni 20.7 za Kenya, likapata takriban bilioni 14.5. Wanahisa wadogo wengi hawakujitokeza. Kwa hiyo shaka kuhusu Mawingu halikuanza kwa vyama vya wafanyakazi. Lilikuwa limekwishaonekana sokoni, kimyakimya, kwa watu ambao hawakuhitaji kugoma ili kusema hapana.

Miezi michache baada ya uuzaji huo, mnamo Agosti 2012, menejimenti ilitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi. Walioondoka, wakiwemo waliokubali kuondoka kwa hiari, walikaribia 600, na 447 kati yao walikuwa wanachama ambao chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga kiliwapigania mahakamani. Mfuatano huu wa matukio ndio kiini cha historia yote inayofuata. Wawekezaji waliambiwa kwamba shirika liko mlangoni mwa ukuaji ambao halijawahi kuuona. Wafanyakazi waliambiwa, mwaka huo huo, kwamba gharama zao haziwezi tena kubebwa. Kila kauli ilikuwa na takwimu zake, na pengine kila moja ilikuwa na ukweli wake, lakini wahudumu wa ndege na mafundi walizisikia zote mbili kwa pamoja.

Shauri hilo ni chanzo chenye thamani kubwa kwa mwanahistoria, kwa kuwa mahakama ilizilazimisha pande zote kueleza kwa maandishi kile ambacho kwa kawaida husemwa korido tu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinaruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi, lakini kwa masharti: chama na afisa wa kazi wapewe taarifa ya angalau mwezi mmoja inayoeleza sababu na kiwango cha upunguzaji, uteuzi uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, na malipo ya kuachishwa yasipungue siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Mnamo Desemba 2012 Mahakama ya Viwanda iliamua kwamba upunguzaji haukuwa wa haki, ikaamuru waliofutwa warejeshwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliondoa amri hiyo ya kuwarejesha na kuweka fidia mahali pake. Mjadala wa majaji juu ya wajibu wa mwajiri kushauriana kwa dhati na wafanyakazi, na si kuwaarifu tu, umerejelewa tangu hapo katika mashauri mengi ya ajira nchini Kenya.

Kisheria, basi, kila upande ulipata kitu. Kihistoria picha ni ngumu zaidi. Menejimenti ilidai kwamba shirika lilikuwa katika dhiki, na matokeo ya mwaka ulioishia Machi 2013 yaliithibitishia dai hilo: hasara ya shilingi bilioni 7.9, baada ya faida ya bilioni 1.7 mwaka uliotangulia. Mtafiti anayewahurumia wafanyakazi hana budi kuikubali tarakimu hiyo. Dhiki haikuwa ya kubuni. Swali lililobaki, na ambalo mahakama haikuitwa kulijibu, lilikuwa la chanzo: je, shirika liliumwa na mishahara au na ndege?

Miaka mitatu iliyofuata ilitoa ushahidi mwingi. Hasara ilipungua hadi bilioni 3.4 mwaka 2014, ikaruka hadi bilioni 25.7 mwaka 2015, kisha bilioni 26.2 mwaka 2016. Maelezo rasmi yalitaja moto wa uwanja wa Jomo Kenyatta wa Agosti 2013, shambulio la Westgate la mwezi uliofuata, kudorora kwa utalii, na Ebola iliyosimamisha safari za Liberia na Sierra Leone mwaka 2014. Mambo hayo yote yalitokea kweli. Lakini yalikuwapo pia yale ambayo hayakutoka nje: mikataba ya kufunga bei ya mafuta iliyogeuka hasara bei ya dunia iliposhuka, na madeni ya ndege mpya za Boeing 787 na 777-300ER zilizowasili wakati abiria hawapo. Kamati teule ya Seneti iliyoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o mwaka 2015 iliyachunguza haya hadharani, na tangu hapo lugha ya vyama na lugha ya wabunge zilianza kufanana.

Kisha ndege zenyewe zikatoa ushahidi. Mwaka 2016 Boeing 777-300ER tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili kwa Oman Air. Nafasi ya kutua Heathrow, mali ambayo shirika lisingeweza kuipata tena kwa urahisi, ilikwenda pia kwa Oman Air. Kwa mhasibu, hizo zilikuwa hatua za busara za kupunguza gharama. Kwa rubani aliyefunzwa kurusha ndege hizo, zilikuwa ukiri usio na sahihi: Mawingu umekwisha, na aliyeupanga hajasema hivyo. Katika kipindi hicho hicho ilitangazwa tena nia ya kupunguza watu wapatao 600.

Hapo ndipo mgomo wa Aprili 2016 unapoeleweka. Chama cha marubani hakikudai nyongeza ya mshahara. Kilidai mwenyekiti wa bodi na mtendaji mkuu waondoke. Mgomo wenyewe ulidumu saa chache tu. Kufikia Oktoba, baada ya tishio la mgomo mwingine, mwenyekiti alikuwa ameondoka, Michael Joseph ameshika nafasi yake, na mtendaji mkuu ametangaza kwamba ataondoka mwaka uliofuata. Ni nadra kwa chama cha wafanyakazi Afrika Mashariki kushinda dai la namna hiyo. Hapa, hata hivyo, ni lazima kutenganisha sauti. Marubani, wachache na waliolipwa vizuri kuliko wenzao, walikuwa na uwezo wa kusimamisha shirika. Wapakia mizigo na wahudumu waliofutwa 2012 hawakuwa nao. Kuandika kuhusu wafanyakazi kana kwamba ni kundi moja ni kurudia kosa la taarifa za fedha zinazowaweka wote katika mstari mmoja wa gharama.

Mabadiliko ya umiliki ya Novemba 2017 yaligeuza madeni kuwa hisa: serikali ikafikia asilimia 48.9, mabenki ya Kenya 38.1, na KLM ikashuka hadi 7.8. Safari ya moja kwa moja ya New York ilianza Oktoba 2018. Hasara hazikukoma, na janga la korona liliipeleka ya mwaka 2020 hadi bilioni 36.2. Wakati huo mishahara ilikatwa na kuahirishwa, na michango ya shirika katika mfuko wa akiba ya uzeeni ikasimamishwa. Ndiyo maana madai ya mgomo wa marubani wa Novemba 2022 yalihusu mfuko huo na mishahara iliyoahirishwa. Walichodai kilikuwa kile ambacho kwa macho yao waliukopesha mkakati ambao hawakuuandika. Mahakama iliwaamuru warudi kazini. Mwaka huo ulifungwa kwa hasara ya bilioni 38.3.

Matokeo ya 2023 yalileta msamiati mpya. Menejimenti ilisisitiza faida ya uendeshaji ya bilioni 10.5, ilhali hasara ya mwisho, baada ya gharama za fedha na anguko la shilingi, ilikuwa bilioni 22.7. Mwaka 2024 shilingi iliimarika dhidi ya dola, madeni ya dola yakapungua vitabuni, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya muongo. Januari 2025 hisa zake zilirudi kuuzwa Nairobi baada ya kusimamishwa tangu Julai 2020. Kama thamani ya shilingi iliweza kuibeba hasara mwaka mmoja na kuibeba faida mwaka uliofuata, ni vigumu kusema ni sehemu gani ya matokeo hayo iliyokuwa kazi ya mkakati na ipi ya soko la fedha. Nusu ya kwanza ya 2025, ndege tatu za 787 zikiwa chini kwa sehemu ya kipindi hicho, ilirudisha hasara ya takriban bilioni 12.